Mpaka Mgeni Aseme Rudi

Kwetu neno la maana husemwa njiani. Ndani ya nyumba watu husalimiana, huomba, huimba wimbo mmoja, hunywa chai, au maziwa kama yapo, na huulizana habari za watu wote walio hai na wengi walio wafu. Mgeni anaweza kukaa saa tatu bila kugusa kilichomleta. Kisha anasimama. Mwenyeji naye anasimama, anajifunga kitenge vizuri, wanatoka wote wawili. Hapo, wakitembea bega kwa bega na kutazama mbele badala ya kutazamana, ndipo mgeni husema: binti yangu ana mimba, naomba mbegu za maharage, mume wangu amenipiga. Mwenyeji hawezi kurudi kwake mpaka mgeni amwambie, "Rudi sasa." Kugeuka kabla ya kuambiwa hivyo ni kumtupa mtu.

Hii ni desturi ya milimani, Kivu ya Kusini kule Kongo, tulikotoka tukikimbia. Tuliibeba mpaka Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, kwa sababu haikuwa na uzito. Na hapa Nakivale nilikuwa na mtu mmoja tu wa kunisindikiza hivyo kwa moyo. Alinizidi miaka kama kumi, nami nilimwita yaya, jina ambalo kwetu mtu humwita dada yake mkubwa. Siku nilipofika, na watoto wawili na sufuria moja, shitingi za serikali za kuezekea zilikuwa zimekwisha. Yeye, asiyenijua, alichukua ile karatasi yake ngumu ya plastiki aliyokuwa ameezekea, akaikata katikati kwa kisu cha kumenyea mihogo, akanipa nusu. Mvua iliponyesha tuliloa wote wawili sawasawa. Baadaye nilipewa kiwanja upande wa pili wa bonde, na tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake, na kila Jumapili alinisindikiza mpaka kwenye bomba la maji lililo katikati ya njia, nikamwambia arudi. Mbali na yeye sikuwa na mtu. Nina ulimi mbaya na macho yanayohesabu makosa ya wenzangu, na watu huyaona macho hayo kabla sijafungua mdomo. Yeye aliyaona, akacheka tu. Nataka nieleze jinsi nilivyomchezea mtu huyo.

Kazi ya kuuza vipodozi mkononi ilinikuta nikiwa mwalimu wa kulipwa kidogo, kisha mwalimu wa kutolipwa kabisa. Mwanamke aliyenifundisha alikuwa na ofisi Mbarara, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Tulimwita meneja kwa sababu alituagiza tumwite hivyo. Uso wake ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mikono yake ilikuwa na rangi ya chai kavu, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini mafuta yanayofanya maajabu usoni yalikuwa yamegoma kwenye vidole.

Kwanza alitufundisha kupiga makofi. Wanawake kumi na wawili wazima, wengine wenye wajukuu, tulisimama asubuhi nzima tukipiga makofi na kutangaza kwamba sisi ni malkia. Mimi nilichezesha midomo tu. Niliwatazama wenzangu na kujiuliza ni malkia gani hawa, mmoja ana tundu kwenye soksi, mwingine amebeba viazi vyake vya mchana ndani ya mfuko wa sukari. Nikajiona bora kuliko wote, kisha nikakumbuka kwamba na mimi nimelipa kiingilio.

Kwa wenyeji meneja alizungumza Kinyankore. Kwetu sisi wakimbizi alitumia Kiswahili kile cha huku, cha kuagizia watu.

"Wewe naona mama, wewe nakwenda karibu," alisema. "Nacheka kidogo. Nasema, nyabo, ngozi yako iko mzuri sana. Halafu nauliza, wewe natumia mafuta gani? Halafu natoa kitabu. Hapana ngoja."

"Na kama anakatala?" nikauliza.

"Hakuna mtu nakataa. Iko mtu bado kuelewa."

Niliona hiyo ndiyo sentensi ya kipumbavu kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwa mtu aliyevaa viatu virefu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nikiisema mwenyewe.

Nilianza Mbarara kwa sababu meneja alisema pesa iko mjini. Nikapanda Kamukuzi, kwenye kilima cha ofisi, nikasimama nje ya lango moja saa ya chakula. Akatoka mama mmoja mnene, nadhifu, kitambulisho kikining'inia shingoni. Nikaenda karibu. Nikacheka kidogo. Nikamwambia kwamba ngozi yake ni nzuri sana, na ilikuwa kweli, mtu anayekaa ndani tangu asubuhi hawezi kuwa na ngozi mbaya. Mama akatazama viatu vyangu, vumbi la Nakivale lilivyovikumbatia, akafungua mkoba, akanipa shilingi mia tano na kwenda zake. Alidhani naomba. Nilimdharau kwa hilo mpaka kesho yake, lakini zile mia tano nilizichukua.

Kule Kakiika nilimkuta mke wa mfugaji akipima maziwa kwenye ua wake. Alinisikiliza vizuri, akanusa kikopo changu, akakirudisha. "Mimi natumia samli ya ng'ombe yangu," alisema. "Wewe nauza samli?" Nikasema hapana. Akaona mazungumzo yamekwisha, akaendelea na maziwa yake. Mashavu yake yaling'aa kuliko ya meneja, hilo sikuweza kulipinga, na wahenga walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa najitembeza tangu saa mbili asubuhi.

Wake wa wanajeshi ndio walionitia adabu. Karibu na kambi yao kuna mistari ya vyumba, na wanawake hukaa nje wakisukana. Hao walinipokea kwa shangwe. Mmoja akachukua losheni ya kuonjesha akapaka viwiko, akamwita mwenzake, mwenzake akapaka miguu, akamwita wa chumba cha tatu. Walipaka magoti, shingo, visigino vilivyopasuka. Mmoja alimpaka mama mkwe wake aliyekuwa amelala. Chupa ilipokwisha, yule wa kwanza akanirudishia.

"Hii dawa iko mzuri," akasema. "Wewe nakuja mwisho wa mwezi, bambi, tafadhali, afande napata mshahara."

Mwisho wa mwezi nilikuja. Wakanipokea kwa shangwe ileile, wakaniuliza kama nimeleta chupa nyingine ya kuonjesha.

Nikarudi Nakivale nikiwa na hakika kwamba wenyeji wa Mbarara hawana akili, na kwamba watu wangu, walokole wa milimani, watu wa neno moja, wataniheshimu. Hapo nikagundua kwamba somo la meneja halifanyi kazi hata kidogo kwa Mprotestanti. Somo lote linasimama juu ya sifa, na mtu wetu hapokei sifa.

"Dada, uko na ngozi muzuri," nilimwambia mwanakwaya mmoja.

"Sifa kwa Yesu," akajibu, akapita.

Nikamwambia mwingine kwamba uso wake umenawiri. Akafumba macho pale pale njiani na kunishuhudia jinsi Bwana alivyomponya homa ya tumbo, tangu dalili ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akaniombea mimi. Sikupata hata nafasi ya kumwuliza anatumia mafuta gani. Wa tatu nilimtolea kitabu cha picha moja kwa moja, bila sifa. Alikipokea kwa mikono miwili, akafunua kurasa, akawatazama wale wanawake wenye midomo myekundu.

"Hii karatasi ni ya kanisa gani?" aliuliza.

Nyumbani mwao mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ukiingia unaombewa. Ukiombewa unaimbiwa. Ukiisha kuimbiwa inaletwa chai, na juu ya chai mtu hatoi kikopo cha krimu mbele ya Biblia iliyo wazi mezani, hata mimi nilikuwa na haya kiasi hicho. Wiki nzima niliingia nyumba baada ya nyumba na kutoka na tumbo lililojaa chai na mfuko uliojaa vikopo. Nilianza kuwachukia kwa ukarimu wao. Niliona wananikarimu makusudi, ili nisifanye kazi.

Aliyenifumbua macho, maskini, bila kujua, ni mke wa shemasi. Ilikuwa saa sita, jua la utosini. Alikuwa ameniombea, ameniimbia, amenipa chai, na sasa alikuwa akinisindikiza huku mtoto mchanga amemfunga mgongoni. Tulipofika mwisho wa ua wake wa michongoma akauliza kama ilivyo ada, "Mwalimu, ulikuwa na neno?"

Ilikuwa nimjibu, hapana, mama, ni salamu tu, rudi sasa. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ilinifanya ninyamaze. Tukaendelea kutembea. Tukapita shamba lake la mahindi. Tukapita la jirani yake. Mtoto akaanza kulia. Yule mama akamtingisha, akanitazama kwa pembe ya jicho, akaongeza hatua, akapunguza, akakohoa. Hakugeuka. Hakuweza. Ndipo nikaelewa kwamba ninayo kamba mkononi, na kwamba mtu huyu hana ruhusa ya kuifungua.

Nikatoa kikopo. Nikaeleza krimu ya uso polepole, na faida zake, na jinsi ya kuipaka, tukitembea. Kwenye kona ya tatu alisema atachukua kimoja. Nikapokea, nikamshukuru.

"Rudi sasa," nikamwambia. "Mungu akubariki."

"Asanti, mwalimu," akasema, na alirudi karibu kukimbia.

Tangu siku hiyo niliuza. Nilikunywa chai yao, nikaimba nao beti zote, nikawa mgeni mwema kuliko wageni wote, kisha nikatoka nao nje na kuwatembeza. Nilijifunza kila mtu na urefu wa njia yake. Wenye ng'ombe wa kurudisha zizini walinunua upesi. Vijana wa kike walichukua mwendo mrefu zaidi kwa sababu walipenda kuzungumza. Mke wa mchungaji alinitesa, alikwenda nami karibu mpaka barabara ya magari, akisali kimoyomoyo bila shaka, na alinunua kikopo kidogo kuliko vyote. Wengine walinunua wakiniambia kwamba hawapaki kitu usoni, kanisa linakataza. Niliwaambia wakiweke. Sikujali kama wanapaka usoni au kwenye bawaba za mlango.

Niliwadharau. Naomba nieleweke hapo. Sikuwaza kwamba nawaonea, niliwaza kwamba ni wajinga. Mtu mzima, mwenye miguu yake miwili, anashindwa kugeuka na kwenda zake kwa sababu ya neno moja ambalo sijalitamka. Nilisema moyoni kwamba ni kwa sababu ya watu wa namna hii tunafukuzwa kila mahali.

Mbarara meneja aliniita mbele ya wote. Akataka niwafundishe siri yangu. Nikawaeleza, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa milimani chumbani isipokuwa mimi, hakuna aliyeshtuka. Meneja aliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akapigia mstari, akasema hii ndiyo kumfuata mteja. Nikamwambia hapana, mteja ndiye anayekufuata wewe. Hakuelewa, akapiga makofi. Wale malkia wote wakapiga makofi, na yule wa soksi yenye tundu akaniomba nimwandikie hatua kwa hatua. Nilifurahi sana. Kumdharau mtu hakukuzuii kufurahia makofi yake.

Lakini mimi ni mmoja na watu wana akili zao. Baada ya miezi miwili hivi nilianza kusindikizwa vibaya. Huyu alinisindikiza mpaka kizingitini, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Yule alikuwa amejifunga kitambaa kwenye mguu, na wiki iliyofuata alisahau akakifunga kwenye mguu mwingine. Nyumba moja nilibisha hodi, nikaona vidole vya miguu chini ya pazia.

"Mama iko?" nikauliza.

"Siko," akajibu mwenyewe.

Nilicheka siku hiyo, na nilimsimulia yaya nikicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mwalimu," alisema, "batu banakuogopa."

"Banaogopa mafuta?"

"Banaogopa njia."

Nikamwambia mtu anayeogopa njia na akae kitandani. Akaendelea kuchambua. Kwake sikuwa nimepeleka kikopo hata kimoja. Nilikuwa nimejiwekea sheria hiyo tangu mwanzo, na niliiona sheria hiyo kama wema mkubwa. Kila Jumapili alinisindikiza mpaka bombani, nikamwambia rudi, akarudi. Nilijisemea kwamba nimeuacha mlango mmoja safi, na kwamba mlango mmoja unamtosha mtu mwenye ulimi kama wangu.

Sheria hiyo ilidumu mpaka mwezi ule niliopungukiwa kikopo kimoja ili nipate nyota. Nyota ilikuwa ya plastiki, ya kubandika kifuani. Meneja alikuwa amesema atakayeipata ataketi mbele kwenye mkutano. Mimi niliyekuwa nimewacheka wote kwa kujiita malkia nililala nikiifikiria nyota ya plastiki.

Haikuwa Jumapili. Yaya alishangaa kuniona. Alikuwa amebandika maharage jikoni, chungu kikubwa, cha watoto wake na wa marehemu kaka yake, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuchochea. Hata hivyo alinikaribisha, akaomba, akanipa chai. Niliposimama mapema alifurahi, nadhani, kwa ajili ya chungu chake. Akatoka nami.

Tulipofika bombani alipunguza mwendo. Mimi sikupunguza. Nilikuwa nikimwuliza habari za mama yake, kikongwe aliyebaki milimani kwa sababu alikataa kabisa kufa ugenini, na yaya alipenda kumzungumzia, basi akaja nami. Tukapita bomba. Tukapanda kidogo. Akageuza kichwa kutazama moshi wa nyumba yake.

"Uko na neno, mwalimu?" akauliza.

Nikasema mvua imechelewa. Tukatembea. Tulipofika kwenye mashine ya kusaga akatazama nyuma mara ya pili, na safari hii alinitazama na mimi, usoni. Kwetu watu wanaosindikizana hawatazamani usoni. Nikaona kwamba ameelewa. Ningeweza kusema rudi. Lilikuwa mdomoni, neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikatoa kikopo.

"Ni mafuta ya mikono, yaya," nikasema. "Nimekuchagulia wewe."

Alitazama mikono yake, mikono ya jembe, kucha zenye udongo. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa waziwazi namna ile. Hakubishana. Alifungua fundo la kitenge chake, akanipa pesa, akapokea kikopo bila kukisoma.

"Sasa nirudi?" akauliza.

Kwetu hakuna anayeuliza hivyo. Hata mke wa shemasi hakuuliza.

"Rudi sasa," nikasema.

Maharage yaliungua. Sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mwanamke mwingine bombani, kama habari tu, kwamba watoto wa fulani walilala na uji. Nyota nilipata. Niliketi mbele. Kutoka mbele mtu huona vizuri kwamba meneja hupaka unga wa uso mpaka kidevuni na kuacha shingo.

Jumapili iliyofuata yaya alinipokea kama kawaida, na hapo ndipo nilipodanganyika. Aliomba, akanipa chai, akanisindikiza mpaka bombani. Nilitafuta usoni mwake alama yoyote ya kuudhika, sikuiona, nikaamua kwamba hakuna. Mwenye kudharau watu hukosa mazoezi ya kuwasoma. Nilidhani ukimya wake ni msamaha, na hata nikamdharau kidogo kwa kusamehe upesi.

Kisha mama yake akafa kule milimani. Habari ililetwa na sauti iliyorekodiwa kwenye simu, sauti ya mpwa wake, yenye upepo mwingi. Walimzika bila mtoto wake hata mmoja kuwapo. Mimi niliambiwa siku ya pili, na nilikwenda mara moja. Nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi: niliacha kila kitu nyumbani. Sikubeba kitabu, sikubeba kikopo, sikubeba hata mkoba. Nilivaa kitenge changu cha zamani na kwenda mikono mitupu.

Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, wakiimba polepole. Nilipoingia, nafasi ilipatikana kwa haraka ya ajabu, huyu akasogea huku, yule kule, mpaka nikawa nimekaa peke yangu katikati ya mkeka mpana. Sikuwalaumu. Kwa mara ya kwanza sikutafuta kosa kwa mtu. Nilimtazama yaya tu. Alikuwa ameketi ukutani, miguu ameinyosha, kichwa wazi, amekuwa mdogo. Nikaimba nao. Nikakaa mpaka jua likaanza kuinama.

Niliposimama kuaga, naye akasimama. Wenzake wakamwambia, "Ikala, mama, mufiwa hasindikize." Na ndivyo ilivyo, mfiwa hasindikizi, hata milimani hasindikizi. Yeye akajifunga kitenge chake, akatoka nami.

Tulitembea. Nilikuwa na neno. Katika miaka yote ya kusindikizwa Nakivale, hiyo ndiyo siku pekee niliyokuwa na neno la kweli. Nilitaka kumwambia kwamba namjua mama yake ingawa sikuwahi kumwona, namjua kwa hadithi zake, najua alivyokuwa akimtukana jogoo wake na jinsi alivyoficha chumvi. Nilitaka kusema kuhusu maharage. Nilitaka kusema, yaya, nimekuwa mtu mbaya na wewe ulikuwa wa kwanza kuniona na wa mwisho ambaye ningependa anione hivyo. Mtu wa ulimi mbaya hana shida ya maneno, ila ya aina hiyo sikuwa nimeyazoea, yakanikwama. 

Tukafika bombani. Sikusema rudi, kwa sababu nilikuwa bado sijasema neno langu, na kwa sababu, kama nitasema ukweli, sikutaka tuachane. Kutembea kando yake kulinitosha. Nilitaka twende hivyo mpaka giza. Tukapita bomba, tukapanda. Nilisikia anavyohema. Hakuwa amekula tangu jana yake.

Kwenye mashine ya kusaga alisimama. Nikadhani amechoka, nikanyoosha mkono nimshike. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kiunoni, kwenye fundo la kitenge, na vidole vilikuwa vikihangaika kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa sana. Likafunguka. Alinyoosha noti iliyokunjwa mara nyingi.

"Kamata, mwalimu," akasema. "Nipe yoyote. Leo siko na nguvu ya kutembea."

Nikamwambia sikuja na kitu. Nikamwonyesha viganja vyangu. Nikamwambia yaya, nimekuja kwa ajili ya mama, hakuna kitu, tazama. Alivitazama viganja vyangu kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu anayesema uongo ambao hakuna haja ya kumwaibisha nao. Akaiweka noti kwenye kimoja, akanikunja vidole juu yake. Halafu akabaki amesimama. Kule ng'ambo ya bonde walikuwa wanaimba nyumbani kwake, ilisikika vizuri, na yeye alikuwa amegeuza uso upande huo, lakini miguu yake haikusogea. Alikuwa ananisubiri.

"Rudi sasa," nikasema.

"Asanti, mwalimu," akajibu, na akaondoka haraka.